Nyanya za kwenye ndoo: yote huanzia chini

Wanaokuja kuona nyanya zangu huangalia juu kwanza. Wanageuza majani, wanashika vichala vinavyoning'inia, halafu wananiuliza napulizia dawa gani. Mimi huwaonyesha ndoo. Mnyanya ulio kwenye chombo unaishi kwa kile kilichomo ndani ya chombo hicho tu, na karibu kila tatizo ambalo watu huniletea, ukilifuatilia hadi mwisho, unakuta limetokana na mizizi na maji. Dawa ina nafasi yake, mbegu nzuri zina nafasi yake, ila nafasi hizo ni ndogo kuliko watu wanavyodhani.

Chukua mnyanya wa shambani. Kwenye udongo laini mizizi yake inaweza kushuka zaidi ya mita moja na kutanda pembeni. Jua likiwaka wiki nzima, unachota maji chini. Chakula kikipungua hapa, mzizi unasogea pale. Ndooni hakuna pale. Udongo ukipata joto unapata wote, ukikauka unakauka wote, na mbolea inayovuja na maji ndiyo imekwenda. Ukilishika hilo, mengi ya nitakayoyaeleza utayabashiri mwenyewe.

Chombo, basi. Kwa nyanya ndefu, zile zinazoendelea kupanda juu msimu mzima, sishuki chini ya lita 20, na kila ndoo mche mmoja. Najua inavyouma kuiona ndoo kubwa ina mche wenye urefu wa kiganja, nafasi kibao imebaki wazi, na miche mingine iko kitaluni inakusubiri. Usishawishike. Miche miwili kwenye ndoo moja itagombania maji, na siku ya joto udongo utakauka kabla hujarudi kutoka kazini. Kwa nyanya fupi, lita 10 hadi 15 zinatosha. Ndoo, debe, gunia, beseni kubwa lililopasuka, vyote vinafaa, mradi chombo hakikuwahi kubeba sumu, rangi au mafuta ya mashine.

Toboa matundu sita hadi manane chini, yenye upana wa kidole kidogo, na mengine machache ubavuni, sentimita mbili hivi kutoka chini. Ya ubavuni nayapenda kwa sababu ndoo iliyokaa sakafuni huziba matundu yake yenyewe. Au iweke juu ya vipande vya tofali, ipate kupumua.

Hapa nina jambo la kulisemea kwa nguvu: usiweke kokoto chini ya ndoo. Ushauri huo unarithishwa toka zamani na bado unatolewa kila mahali, kwamba kokoto husaidia maji kutoka. Chukua sponji ya kuoshea vyombo, iloweshe mpaka ishibe, uilaze juu ya kiganja. Itadondosha maji kisha itaacha. Sasa isimamishe wima. Itadondosha tena, ingawa hukuikamua. Udongo nao uko hivyo: sehemu yake ya chini kabisa hubaki na maji ambayo uzito wake peke yake hauwezi kuyatoa, na unene wa tabaka hilo hutegemea aina ya udongo. Ukiweka kokoto, tabaka lililolowa halitoweki. Linapanda juu ya kokoto, karibu zaidi na mizizi, na wewe umepoteza sehemu ya udongo uliokuwa unauhitaji. Jaza udongo mpaka chini. Ukiogopa utatoka kwenye matundu, tandika kipande cha chandarua au kitambaa chepesi.

Rangi ya chombo nayo si urembo tu. Ndoo nyeusi inayopigwa na jua la mchana upande mmoja huchemsha mizizi ya upande huo. Ukiuhamisha mmea kama huo baadaye unaona mizizi myeupe yenye afya upande wa kivuli, na upande wa jua ni ya kahawia, imesinyaa. Paka chokaa, funga gunia, au panga ndoo zikaribiane ili zifunikane ubavu. Majani yanataka jua kwa muda wa saa sita hadi nane kila siku. Ndoo haitaki.

Udongo wa bustani peke yake haufai ndooni, hata uwe mweusi wa kuvutia namna gani. Shambani kuna minyoo, wadudu na mizizi mingine inayoufungua kila siku. Ndooni, baada ya kumwagiliwa wiki kadhaa, unashikana na kukaza, maji yanakaa juu na hewa haiingii. Mchanganyiko wangu ni sehemu mbili za udongo wa juu, sehemu mbili za mboji iliyoiva na sehemu moja ya mchanga wa chembe kubwa. Penye makumbi ya nazi yaliyosagwa, huyatumia badala ya sehemu moja ya udongo, ndoo ikawa nyepesi kubeba. Kujua kama uko sawa, lowesha konzi moja, ikamue mkononi, kisha fungua vidole. Donge lishikane, lakini ukiligusa kwa kidole lisambaratike. Likibaki donge, ongeza mchanga. Lisiposhikana kabisa, ongeza mboji.

Mboji iwe imeiva kweli. Ingiza mkono katikati ya lundo: ukikuta joto, au ukisikia harufu ya mkojo wa mifugo, iache iendelee. Samadi mbichi ndani ya chombo kidogo huunguza mizizi, kwa sababu chumvi na amonia yake haina pa kupungulia makali.

Kuhusu mbegu, jambo la kwanza kujua ni kama nyanya yako ni fupi au ndefu, na pakiti nyingi huandika. Fupi hukua hadi kimo fulani, hutoa maua kwenye ncha, huzaa kwa mkupuo na kumaliza. Roma na Cal-J ziko kundi hili. Ndefu huendelea kukua na kuzaa kidogo kidogo kwa muda mrefu, mpaka ugonjwa au baridi iusimamishe mmea. Hapo wamo Money Maker na Sungold. Kuna nyingine ndogo mno, Tiny Tim kwa mfano, na Micro-Tom, iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Florida mwaka 1989 iwe pambo la chunguni na siku hizi imejaa kwenye maabara za wanasayansi wa mimea kwa sababu inakua haraka mahali padogo. Hizo unaweza kuzipanda hata kwenye kopo la lita tatu dirishani.

Anayeanza namshauri achukue nyanya za matunda madogo, yale ya mviringo yanayoingia mdomoni mzima mzima. Zinavumilia joto vizuri zaidi, zinaiva mapema, na ule ugonjwa wa kuoza kitako, nitakaoueleza hapo chini, huzipata kwa nadra sana. Nyanya kubwa za nusu kilo ni nzuri kutazama, lakini tunda moja linakaa mtini muda mrefu, na kila siku ya ziada ndooni ni siku ya kukosewa maji.

Mbegu zipande kina cha nusu sentimita hadi sentimita moja. Joto likiwa nyuzi 20 hadi 27 za Selsiasi, zinachipua ndani ya siku tano hadi kumi. Zikishachomoza tu, zipe mwanga mwingi, la sivyo zinarefuka, zinalegea na kulala. Baada ya wiki nne hadi sita, mche ukiwa na majani halisi matano au sita, uhamishie ndooni.

Na uzike kwenda chini. Hii ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote. Tazama shina la mche kwa karibu, ikiwezekana kwenye mwanga wa pembeni: sehemu ya chini utaona vipele vidogo vyeupe chini ya vinyweleo. Kila kipele ni mzizi unaosubiri. Kata majani ya chini, chimba shimo refu, fukia shina mpaka chini kidogo ya majani yaliyobaki. Vile vipele vikikutana na udongo wenye unyevu vitatoa mizizi, na mmea utaanza maisha na mizizi mingi zaidi ya ule uliopandwa juujuu. Mimea mingine mingi ukiifukia shina hivi inaoza. Mnyanya unashukuru. Siku hiyo hiyo chomeka na mti wa kuuegemeza, kwa maana ukisubiri mmea urefuke ndipo uchomeke, utakuwa unakata mizizi uliyoihangaikia.

Sasa maji, ambako ndiko nataka tukae.

Swali ninaloulizwa zaidi ni mara ngapi kwa siku. Hakuna jibu la namna hiyo. Mche mdogo kwenye ndoo kubwa, siku ya mawingu, unaweza kukaa siku mbili au tatu bila kuhitaji chochote. Mmea huo huo ukishakuwa mkubwa na una matunda, siku ya jua na upepo, unaweza kunywa lita mbili hadi nne. Udongo ndio wa kuulizwa. Ingiza kidole hadi fundo la pili. Kukiwa na unyevu, subiri. Kukiwa kukavu, mwagilia mpaka maji yatokee kwenye matundu ya chini, usimwage kikombe kimoja ukaondoka. Maji ya juujuu hufundisha mizizi kukaa juu, ambako joto ni kali na ukavu huanza. Baada ya muda hutahitaji hata kidole: inua ndoo kidogo upande mmoja, mkono utakuambia.

Nyakati nyingine unamwagilia, maji yanatoka chini mara moja, nawe unaridhika. Chunguza. Udongo wenye mboji nyingi au makumbi ya nazi ukishakauka kabisa unakataa maji, unajikunja na kuachana na ukuta wa ndoo, na maji yote yanapita kwenye ule upenyo pembeni. Juu kumelowa, katikati ni vumbi. Dawa yake ni kuiketisha ndoo ndani ya beseni la maji nusu saa hadi saa moja inywe kutoka chini, kisha uitoe ichuruzike. Usiiache humo usiku kucha, mizizi inahitaji hewa pia.

Majani yakilegea saa saba mchana, usikimbilie kopo. Mnyanya wenye majani mengi hupoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoweza kuyapandisha, hata udongo ukiwa na unyevu wa kutosha, na jioni hujinyanyua wenyewe. Shika udongo kwanza. Ukiwa umelowa na majani yamelegea mpaka asubuhi, shida yako ni maji kuzidi, au ugonjwa, na kuongeza maji ni kuumaliza.

Tandaza matandazo juu ya udongo: nyasi kavu, majani makavu, maganda ya mpunga, chochote kisicho na mbegu, unene wa sentimita tano hivi, yakiachana kidogo na shina. Ukifunua asubuhi ya siku ya joto utakuta udongo chini yake bado ni mbichi, huku udongo wa ndoo isiyofunikwa umeshapasuka juu. Ni kazi ndogo sana kwa faida unayopata.

Maji kuja na kukatika ndiko kunakoleta kuoza kitako. Mdogo wangu alinipigia akiwa na huzuni kweli.

"Dada, nyanya zimepata ugonjwa. Zote chini zimekuwa nyeusi."

"Zimelainika, zinanuka?"

"Hapana. Ni kavu, kama ngozi. Nimeshaweka maganda ya mayai mara ngapi sijui."

"Unamwagilia saa ngapi?"

"Nikikumbuka. Ila nikimwagilia, namwagilia sana."

Jibu lilikuwa hapo. Kuoza kitako hakuletwi na kidudu wala ukungu, na hakuambukizi. Ni tunda kukosa kalsiamu wakati linajenga kuta za seli zake. Kalsiamu husafiri ndani ya mmea ikibebwa na maji yanayopanda kutoka mizizini, na maji hayo huenda zaidi kwenye majani, kwa sababu majani ndiyo yanayovukiza. Tunda linapata mgawo mdogo, na ncha yake ya chini iko mbali zaidi na kikonyo, kwa hiyo ndiyo hukosa kwanza. Kalsiamu ikishaingia kwenye jani haitoki tena kwenda kumsaidia mwenziwe. Ndiyo maana mara nyingi udongo una kalsiamu tele na nyanya zinaoza vile vile: kilichokosekana ni msafara wa maji usiokatika. Maganda ya mayai nayo huchukua muda mrefu sana kuoza, hayawezi kuliokoa tunda la wiki hii. Mbolea ya naitrojeni nyingi huongeza tatizo, maana inasukuma majani ambayo yanazidi kuvuta maji kwao.

Nilimwambia ayachume matunda yaliyoharibika mmea usiendelee kuyalisha, atandaze matandazo, na amwagilie kila asubuhi baada ya kushika udongo. Vichala vilivyofuata vilitoka safi. Hata usipofanya lolote, mara nyingi kichala cha kwanza ndicho huumia zaidi, kwa kuwa mmea unakua kwa kasi na mizizi bado haijatosha.

Kupasuka kwa matunda ni ndugu wa tatizo hilo. Udongo unakauka, ngozi ya tunda inakaza, kisha unamwaga maji mengi au mvua inanyesha, tunda linavimba ghafla na kupasuka. Tiba ni ile ile.

Chakula. Kila unapomwagilia mpaka maji yatoke chini, yanatoka na kitu. Kwa hiyo mnyanya wa ndooni lazima ulishwe zaidi ya wa shambani, kidogo kidogo na mara kwa mara. Mboji ya mwanzo inautosha mpaka unapoanza kutoa maua. Kichala cha kwanza cha maua kikifunguka, naanza kuupa mbolea ya maji kila wiki, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, ambayo potasiamu yake inazidi naitrojeni. Naitrojeni nyingi inakupa mmea wa kijani kibichi cha kung'aa, shina nene, majani yaliyojikunja kwenda chini, na maua hakuna. Watu huusifia mmea huo. Kwangu ni mmea uliolishwa vibaya. Majani ya chini yakigeuka njano katikati ya mishipa huku mishipa yenyewe ikibaki kijani, hapo umepungukiwa magnesiamu, na chumvi ya Epsom (salfeti ya magnesiamu, si chumvi ya kupikia) iliyoyeyushwa kwenye maji ya kumwagilia huirekebisha. Na usimwage mbolea kwenye udongo mkavu. Maji kwanza.

Nyanya ndefu hutoa maotea kwenye kila kwapa, pale jani linapoungana na shina. Ukiyaacha yote, ndoo moja inabeba msitu. Nayavunja asubuhi yakiwa bado mafupi kuliko kidole, kwa kuyasukuma pembeni tu, yanakatika yenyewe bila kisu. Baada ya mimea michache vidole vinashika rangi ya kijani inayoelekea weusi, na ukinawa kwa sabuni povu linageuka njano. Ni utomvu wa vinyweleo vya mmea, huo huo unaotoa ile harufu kali ambayo kwangu mimi ndiyo harufu ya nyanya kuliko tunda lenyewe. Otea zuri usilitupe. Litie kwenye glasi ya maji mahali penye mwanga lakini pasipo na jua la moja kwa moja, litatoa mizizi ndani ya wiki moja au mbili, una mche mwingine wa bure. Nyanya fupi usizivunje maotea, maana matunda yake mengi yako huko huko kwenye matawi.

Kufunga shina kwenye mti, zungusha kamba kwa umbo la namba nane, mkingamo ukiwa kati ya shina na mti, na uiache ilegee. Shina litanenepa.

Ua la mnyanya lina sehemu ya kiume na ya kike ndani yake, halihitaji ua jingine. Ila chavua imefungiwa ndani ya ile koni ndogo ya njano katikati, na hutoka kwa kutikiswa. Upepo hufanya kazi hiyo, na nyuki fulani hung'ang'ania ua wakatetemesha misuli ya mabawa mpaka chavua ikamwagika. Wale wakubwa weusi wanaotoboa mbao wanaweza. Nyuki wa asali hawawezi kutetemesha namna hiyo. Wakulima wa nyanya za ndani ya nyumba za vioo Ulaya walikuwa wakipita na vifaa vya kutetemesha maua kwa mkono, hadi mwishoni mwa miaka ya 1980 walipoanza kufuga nyuki bambi, wale wanene wenye manyoya, kwa kazi hiyo. Kama ndoo zako ziko kwenye kibaraza kilichojikinga na upepo, gonga shina la kichala cha maua kwa kidole kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, siku yenye ukavu. Mswaki wa umeme ukiugusisha nyuma ya ua ni bora zaidi. Weka ukucha chini ya ua ukigonga, utaona unga wa njano umeangukia juu yake. Ukiuona, ua limekomaa na kazi imefanyika.

Maua yakipukutika mengi, tazama joto kabla hujanunua chochote. Mchana ukipita nyuzi 32 na usiku usiposhuka chini ya 22 hivi, chavua hupoteza nguvu. Usiku wa chini ya nyuzi 13 nao huzuia matunda. Hapo hakuna cha kupulizia kitakachosaidia zaidi ya kivuli chepesi mchana na subira.

Wadudu sitawamaliza hapa. Geuza majani chini kila unapomwagilia, kwa sababu karibu wote wanaanzia huko: inzi weupe wanaoruka ukitikisa, vidukari, utitiri unaoacha madoa madogo ya njano na utando mwembamba. Kwenye mimea michache unaweza kuwashinda kwa kuwafuta na kwa maji ya sabuni laini, vijiko viwili vya chai kwenye lita moja, ukipulizia jioni na kujaribu jani moja kwanza. Inzi weupe usiwadharau, hubeba virusi vinavyokunja majani ya juu, kuyafanya madogo na ya njano pembezoni, na mmea ukishapata virusi hauponi. Ng'oa. Kantangaze, kiwavi wa nondo mdogo, huchora njia nyeupe zenye upana ndani ya jani. Kwenye ndoo chache, kuchuma jani lililochorwa na kuliteketeza mara unapoliona husaidia sana. Bakajani, ugonjwa wa ukungu unaoleta mabaka kwenye majani, hupenda majani yaliyolowa, kwa hiyo mwagilia udongo, usimwagilie majani, na ondoa yale ya chini yanayogusa udongo. Anayevuta sigara anawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika miche, kwani kuna virusi vya tumbaku vinavyohamia kwenye nyanya kwa vidole.

Mmea ukinyauka ghafla ukiwa bado wa kijani, udongo una unyevu na asubuhi haujanyanyuka, fanya jaribio hili. Kata kipande cha shina karibu na udongo, kining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kutikisa. Baada ya dakika chache, ukiona nyuzi nyembamba nyeupe za maziwa zinateremka kutoka pale ulipokata, huo ni mnyauko bakteria. Hauna dawa. Mmea na udongo wote wa ndoo ile viondoke, mbali na ndoo nyingine, na ndoo ioshwe vizuri. Uzuri wa ndoo ndio huu: shambani ugonjwa huo ungebaki ardhini miaka, hapa umeishia kwenye lita 20.

Kuiva. Jua halihitajiki kwenye tunda, kwa hiyo usifyeke majani ili tunda lione mwanga. Litaungua tu upande mmoja na kubaki na baka jeupe. Rangi nyekundu inatokana na laikopini, ambayo hutengenezwa vizuri kati ya nyuzi 20 na 25. Ikipita 30 utengenezaji wake unazorota, na nyanya zinabaki na rangi ya machungwa hata zikilainika. Wakati wa joto kali nazichuma mara tu zinapoanza kupata wekundu kitakoni, zinamalizia ndani, kivulini. Tunda lililofikia hatua hiyo linajiivisha lenyewe kwa gesi yake ya ethilini, na ladha haipotei kwa kuchumwa mapema kiasi hicho. Kinachopoteza ladha ni friji. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walionyesha kwamba baridi huzima jeni zinazotengeneza manukato ya nyanya, na baada ya siku kadhaa za baridi hayarudi yote hata ukiitoa ikae nje. Nyanya zilizoiva ziache mezani.

Msimu ukiisha, mimina ndoo na tazama mizizi. Ikiwa na mafundo yaliyovimba hapa na pale, una minyoo fundo, na udongo huo usipande tena nyanya, bilinganya wala pilipili. Ikiwa safi, vunja udongo, toa mizizi minene, ongeza mboji mpya kama theluthi moja, na msimu unaofuata panda maharage au vitunguu. Viazi mviringo usipande, ni wa ukoo mmoja na nyanya na magonjwa wanagawana. Andika kwa kalamu ya rangi ubavuni mwa ndoo ilibeba nini na mwezi gani, maana ndoo zikishapangwa pamoja zote zinafanana.